Muulize Fundi: Kaseti ya Japani imegoma kuingia

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba nakusanya adapta za kaseti za gemu za zamani, zile za kuchezea kaseti ya Japani kwenye mashine ya Ulaya au ya Marekani, na sikutegemea kabisa kama Arusha na Moshi kuna watu wengi hivi wana hivyo vitu kabatini, meseji zimekuja mpaka nimefurahi. Leo safu yote ni yenu. Ila kwanza, huku kwetu ukiingia dukani ukasema "naomba adapta" unapewa chaja au kile kichwa cha plagi. Humu nikisema adapta namaanisha kile kidude kinachokaa katikati ya kaseti na mashine, cha umeme nitakiita chaja, tusije tukaunguza vitu vya watu.

MSOMAJI WA KIJENGE, ARUSHA

Shikamoo fundi. Nina kaseti za njano kama kumi na tano nimezitunza toka nipo darasa la nne, zile zimeandikwa gemu 9999 kumbe ukihesabu ni gemu thelathini zinajirudia. Binamu yangu karudi likizo kutoka Ujerumani kaniletea Nintendo NES orijino, ya kijivu, ile unafungua kimlango mbele. Kaseti zangu ni fupi, hazikai kabisa. Nimeambiwa kuna adapta, ninunue ipi?

Marhaba mdogo wangu, na hongera kwa kuzitunza, wengi wetu zilipotelea kwa watoto wa jirani na hatukuziona tena.

Kaseti zako sio za NES. Zile mashine tulizokuwa nazo huku zilikuwa kopi za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani Julai 1983, na TV yenyewe Bara tumeanza kuangalia stesheni zetu mwaka 1994 kwahiyo sisi tulikutana na Famicom kupitia kopi moja kwa moja, orijino yake wengi hatujawahi kuishika. Kaseti ya Famicom ina pini 60. NES ilipoingia Marekani 1985 Nintendo wakabadilisha umbo lote wakaweka pini 72. Hesabu yake naipenda sana: chukua 60, toa mbili za sauti, ongeza nne za kufuli, ongeza kumi zinazoshuka mpaka kwenye tundu lililoko chini ya mashine, unapata 72. Kwahiyo unachotafuta ni adapta ya 60 kwenda 72, upande mmoja ina mdomo wa kumeza kaseti ya njano, upande wa pili ina meno ya kuingia kwenye NES.

Hapo ndo watu wengi wanalipa hela. Subiri kwanza, kuna hizo pini nne za kufuli. Ndani ya NES kuna chipu, na ndani ya kila kaseti yake halali kuna chipu nyingine, ukiwasha zinaanza kusemezana hapohapo, ya kwenye mashine ikisikia jibu ambalo haikulitegemea, au ikikuta kimya, inairudisha mashine mwanzo, tena na tena, kama mara moja kila sekunde. Ndo ile hali ya taa nyekundu kupepesa na kioo kuwaka kuzima kuwaka kuzima. Famicom haikuwa na kufuli hiyo, kaseti yako ya njano haina chipu ya kujibu, kwahiyo lazima chipu iwe ndani ya adapta yenyewe. Na sio chipu yoyote. Marekani wana yao, Uingereza na Italia na Australia wana yao, nchi nyingine za Ulaya ikiwemo Ujerumani wana yao. Ukiagiza adapta yenye chipu ya Marekani ukaiweka kwenye mashine ya binamu itapepesa mpaka asubuhi na we utadhani kaseti zimekufa.

Kwahiyo kabla hujatuma hela muulize muuzaji, adapta ina chipu ya kufuli? Ya eneo gani? Akikujibu tu kwamba inakubali NES zote bila kueleza kivipi, achana nae. Njia nyingine ni fundi kunyanyua mguu wa nne wa chipu ya kufuli ndani ya mashine, baada ya hapo mashine haiulizi tena kitu. Kwa fundi simu mwenye mkono uliotulia ni kazi ya muda mfupi. Mi binafsi mashine ikiwa safi hivyo natafuta adapta kwanza, bisibisi baadae. (Ukiona NES ile ya 1993 inayomeza kaseti kwa juu, hiyo haina kufuli kabisa, inunue bila kuuliza.)

Angalia pia adapta iwe na utepe au mkia wa kuvutia. NES yako inameza kaseti kwa ndani kama kanda ya video, kaseti ya njano ni fupi, ukiisukuma na adapta vyote vinazama huko ndani na vidole havifiki. Nimeshaona mtu anachokonoa na kisu cha mezani, mdomo wa mashine ukaharibika pale pale.

Sasa neno ambalo hutalipenda. Mashine ya Ujerumani ni ya PAL, yaani mfumo wa TV wa Ulaya, inachora picha 50 kwa sekunde, gemu za Japani zilitungwa kwa picha 60. Kwahiyo gemu itaenda taratibu kwa kama moja ya sita. Zile kopi zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za PAL nazo zilichora picha 50 ila waliozitengeneza walikuwa na akili sana, walifanya saa ya prosesa (ubongo wa mashine) iwe 1.77 MHz, karibu sawa na Famicom yenye 1.79, wakati NES ya PAL ni 1.66 tu. Ndo maana kopi ya utotoni ilikubali kaseti za Kijapani bila picha kuharibika, na sauti haikushuka. Kwenye NES ya Ujerumani utasikia muziki uleule umeshuka zaidi ya nusu toni, na gemu chache picha itachanganyikiwa. Kama ile kopi yako ya zamani bado ipo usiitupe, kwa kaseti hizo za njano ndo nyumbani kwao, na hiyo NES itafutie kaseti zake za Ulaya.

DADA WA SOWETO, MOSHI

Habari za kazi fundi. Nilinunua pale Memorial kaseti tatu za Super Famicom, zimeandikwa Kijapani, zilikuwa kwenye lundo la midoli na muuzaji mwenyewe hajui ni nini. Kaka yangu ana Super Nintendo ya Marekani, ya kijivu na zambarau. Kaseti inaingia nusu inagota. Kaka anataka kuvunja plastiki za ndani, mi nimeificha mashine mpaka unijibu. Tununue adapta?

Nzuri dada. Ulichofanya ni sahihi kuificha, ila kaka yako nae yuko sahihi, samahani sana. Super Famicom ilitoka Japani Novemba 1990, Marekani ikafika Agosti 1991 kwa jina la Super Nintendo, na kati ya hizo mbili chipu ya kufuli inafanana na spidi inafanana, zote picha 60. Kinachozuia ni umbo tu. Ndani ya mdomo wa mashine ya Marekani, upande wa nyuma, kuna vijino viwili vya plastiki, kaseti ya Marekani ina vishimo vya kuvipokea na ya Japani haina. Basi, kufuli lote ndo hilo!

Mkate hivyo vijino taratibu na koleo ndogo ya kukatia nyaya, lakini mfungue kava la juu mlitoe kabisa pembeni ndo mkate, vipande vikidondokea kwenye pini mtalia. Skrubu zake zinataka biti maalum ya 4.5 mm, mafundi wengine wanayeyusha kasha la kalamu kwenye kichwa cha skrubu ligeuke bisibisi, inafanya kazi ila inachubua. Kama hamtaki kabisa kukata basi adapta mnayohitaji ni ile rahisi kuliko zote, ni ngazi tu ya kuinua kaseti juu ya vijino, haina chipu wala nini, msikubali kuuziwa bei ya ile ya Ulaya.

Maana ya Ulaya ndo yenye kazi. Super Nintendo ya Ulaya umbo lake ni sawasawa na la Japani, kaseti inaingia vizuri kabisa halafu haiwaki, kwa sababu huko kilichobadilishwa ni chipu. Adapta zake zina midomo miwili, unaweka kaseti ya Japani mdomo mmoja na kaseti yoyote halali ya Ulaya mdomo wa pili, ile ya Ulaya kazi yake ni kujibu maswali ya kufuli tu wakati gemu inasomwa kwa mwenzie. Mi nikiziangalia hizi naona werevu wa watu, kufuli haikuvunjwa wala kuigwa, wameazima funguo kwa jirani. Shida inakuja kwenye pini za pembeni. Mdomo wa Super Nintendo una pini 62, 46 za katikati na 16 za pembeni, nane kila upande, na gemu nyingi za kawaida zinaishia za katikati. Gemu yenye chipu ya Super FX kama Star Fox inahitaji za pembeni pia na adapta nyingi za bei nafuu hazina. Ndo nawaambia watu kila siku, geuza adapta uhesabu meno kabla hujauliza bei.

Na dada, picha ikija nyeusi na nyeupe msishtuke, hiyo sio kaseti mbovu. Mashine ya Marekani inatoa rangi za NTSC, mfumo wa TV wa huko na Japani, TV zetu nyingi za chogo zinajua rangi za PAL tu. Jaribuni kwenye TV bapa, nyingi zinakubali zote mbili.

MPIGA KINANDA, MAJENGO, MOSHI

Bwana Yesu asifiwe fundi. Nina NES ya Marekani na adapta ya 60 kwenda 72, inafanya kazi vizuri. Nimepata kaseti ya Kijapani ya Akumajou Densetsu na rafiki yangu anayo kwenye Famicom. Kwake muziki una sauti za juu na kitu kama vinanda vya upepo, kwangu sauti hizo hazipo kabisa, wimbo umebaki mifupa. Masikio yangu hayanidanganyi. Adapta ni mbovu?

Amina. Masikio yako ni mazima na adapta ni nzima pia. Unakumbuka hapo juu nilisema toa pini mbili za sauti? Ndo hizo. Kwenye Famicom sauti ya mashine inatoka inaingia kwenye kaseti, kaseti ikiwa na sauti zake inachanganya humo ndani kisha inarudisha mchanganyiko kwenye TV. Kaseti yako ya mwaka 1989 ina chipu ya Konami inaitwa VRC6 inayoongeza sauti tatu, mbili za mawimbi ya mraba na moja ya msumeno, na hiyo ya msumeno ndo unayoisikia kwa rafiki yako kama kinanda cha upepo. NES iliziondoa hizo pini, kwahiyo kaseti inaimba na hakuna anayeisikia. Toleo la Marekani la gemu hiyohiyo, Castlevania III la 1990, ilibidi lifanyiwe chipu nyingine na muziki ukapangwa upya bila sauti hizo.

Dawa ipo. Zile pini kumi zinazoshuka chini ya mashine zinaweza kubeba sauti, kuna adapta zinazochukua sauti ya kaseti zikaishusha kwenye moja ya hizo pini, halafu chini ya mashine kwenye tundu unaunganisha rezista moja ili sauti ipande kwenye njia kuu. Kama maelezo ya adapta hayataji sauti chukulia haina. Mi ninayo moja ya namna hiyo na siku ya kwanza nilipoiwasha nilikaa dakika ishirini sijagusa kitufe, nasikiliza tu. Wewe kwa kazi yako ya kinanda utaelewa kuliko mimi, usiiache.

MSOMAJI WA TENGERU

Fundi nina Famicom orijino na chaja yake ya Japani, naweza kuchomeka ukutani nikitumia plagi ya kubadilisha umbo?

Hapana! Plagi ya kubadilisha umbo haibadilishi umeme. Chaja ya Japani imetengenezwa kwa volti 100, ukutani kwetu ni 230, itanuka dakika chache tu. Nunua chaja ya hapahapa ya volti 9 au 10 DC, milliampia 850 au zaidi, hasi iwe katikati, angalia kile kimchoro cha duara. Hiyo inafaa Famicom na Super Famicom. Usijaribu kabisa chaja ya NES kwenye Famicom, ncha inaweza kuingia lakini ya NES inatoa AC. Na wenye Mega Drive, mashine ya Sega, toleo la kwanza hasi iko katikati, toleo la pili chanya ndo iko katikati, msizichanganye.

CHALII WA NGARENARO

Niaje fundi. Mi na Mega Drive ya Uingereza, nimetumiwa kaseti nne za Japani, mbili nilizisaga pembeni na tupa zikaingia zikacheza fresh, mbili zimeingia ila zinaleta maandishi kwamba mashine sio yenyewe. Kuna adapta inaitwa Mega Key, niichukue?

Poa chalii wangu, ila tupa weka chini, tafadhali. Kaseti ya Japani ukishaisaga imesagika, hairudi, na kwa anayekusanya hiyo ni kidonda. Kama ni kusaga saga plastiki ya mashine, mashine ziko nyingi zaidi ya hizo kaseti.

Sega hawakuweka chipu ya kufuli kama Nintendo. Mega Drive ilitoka Japani Oktoba 1988, Marekani 1989 kwa jina la Genesis, Ulaya 1990, na mwanzoni kilichotenganisha ni umbo la kaseti tu, ndo maana mbili zako zimecheza. Baadae watunga gemu wakaanza kuweka swali ndani ya gemu yenyewe, ikiwaka inaiuliza mashine wewe ni wa wapi, jibu lisipoipendeza inakuletea hayo maandishi. Adapta kama Mega Key zina viswichi vya kuchagua nchi na zinajaribu kumdanganya muulizaji, kwa gemu zinazouliza kwa namna adapta inayoijua zinafaulu, gemu inayouliza kivingine inakamata uongo. Kama unataka kucheza tu, hela hiyo mpe fundi, kwenye bodi ya Mega Drive kuna sehemu mbili za kuunganisha, moja inasema mashine ni ya Japani au ya nje, nyingine inasema 50 au 60, fundi anatoa nyaya mbili na swichi mbili nyuma na mashine inakuwa ya nchi unayotaka, na gemu inaenda spidi yake halisi. Mega Key nunua kama unakusanya. Mi ninayo na siitumii, naipenda hivyohivyo.

Ukiona popote Power Base Converter au ile ya Ulaya inaitwa Master System Converter nistue. Inakaa juu ya Mega Drive na kumeza kaseti za Master System, mashine ya Sega iliyoitangulia Mega Drive, na ukiifungua unashangaa ndani hamna kitu cha maana, nyaya na kitufe cha kusimamisha, sababu prosesa ya Master System, Z80, tayari imo ndani ya Mega Drive inafanya kazi ya sauti. Mashine ndogo ilikuwa imelala ndani ya kubwa muda wote, converter inaiamsha tu.

MAMA WA NJIRO

Hujambo mwanangu. Kijana wangu yupo kidato cha pili, anasumbua anataka elfu tisini anunue kitu kinaitwa Super Game Boy kwa kijana mwenzie, anasema ni adapta. Naogopa ni utapeli. Kitu hicho kipo kweli?

Sijambo mama, shikamoo. Kipo kweli, na kijana wako anachagua vizuri. Nintendo walikitoa 1994, unaweka kaseti ndogo ya Game Boy, ile mashine ya gemu ya kushika mkononi, juu yake halafu chenyewe kinaingia kwenye Super Nintendo, gemu inatokea kwenye TV. Ndani kimebeba prosesa ya Game Boy nzima. Kina kasoro moja ndogo, saa yake inachukua kwenye Super Nintendo kwahiyo kwenye mashine ya Japani au Marekani gemu inakimbia zaidi kwa kama asilimia 2.4, na Nintendo walirekebisha kwenye Super Game Boy 2 iliyouzwa Japani tu mwaka 1998.

Muulize mambo mawili kabla hujatoa hela mama. Super Nintendo yenyewe anayo? Na ni ya wapi? Kaseti za Game Boy hazijali nchi ila Super Game Boy inahesabika kama kaseti ya Super Nintendo, kwahiyo kufuli inaihusu kama nilivyomwandikia dada wa Soweto. Aende nayo aijaribu kwa huyo mwenzie, ikiwaka hapo ndo umpe.

MSOMAJI WA KIBORILONI, MOSHI

Shikamoo fundi. Mi nakusanya vitu vya gemu, napata pata kwenye mitumba hapa sokoni, sasa nataka niwe na adapta hasa. Nianze na zipi? Nizitunzeje? Na ni kweli kwamba kaseti za kwanza za NES zina adapta imefichwa ndani?

Marhaba, hili swali nimeliweka mwisho makusudi nipate nafasi ya kulijibu.

Ni kweli. NES ilipoanza Marekani 1985 Nintendo walikuwa na bodi za Famicom za pini 60 tayari, kwahiyo baadhi ya kaseti za mwanzo waliweka bodi ya Kijapani, wakaunganisha na adapta ya kwenda 72 yenye chipu ya kufuli ya Marekani, wakafunga ndani ya kasha la kijivu na kuuza. Inayojulikana zaidi ni Gyromite. Ukiiwasha jina linalotokea kwenye kioo ni ROBOT GYRO, la Kijapani, hawakubadilisha hata hapo, na mwenzake Stack-Up anatokea ROBOT BLOCK. Sio kila Gyromite ina adapta. Dalili ni kasha lenye skrubu tano za bisibisi ya kawaida, na uzito, yenye adapta ni nzito ukilinganisha na mwenzake.

Kwa miaka mingi watu walikuwa wananunua Gyromite, wanaipasua wanatoa adapta, gemu inatupwa. Mi sikubaliani nalo kabisa. Hiyo ni adapta ya Nintendo wenyewe, ndani ya kaseti yake, mahali ilipowekwa kiwandani, ukiitoa una kipande cha bodi kisicho na historia na kasha tupu. Leo adapta mpya za 60 kwenda 72 zinatengenezwa na ni rahisi kupata, hakuna sababu ya kupasua. Na kwako haingekusaidia kama mashine yako ni ya Ulaya, chipu yake ni ya Marekani.

Kuhusu kuanza, mi nilianza vibaya nikanunua kwa majina na maboksi. Siku hizi nakusanya kwa kufuata kizuizi chenyewe, yaani najiuliza hii adapta ilikuwa inatatua nini. Umbo tu, kama ile ngazi ya Super Nintendo ya Marekani. Idadi ya pini, kama 60 kwenda 72. Chipu, kama ile ya midomo miwili. Swali la ndani ya gemu, kama Mega Key. Ukipata moja ya kila aina una mkusanyiko unaoeleweka hata kama ni adapta nne, na mgeni akija unaweza kumwonyesha kila kampuni ilifunga mlango vipi na watu wakafungua vipi. Ya kwangu ninayoipenda kuliko zote ni ya PC Engine, mashine ya NEC ya 1987, gemu zake zipo kwenye kadi nyembamba kama kadi ya benki zenye pini 38. Walipoipeleka Marekani kwa jina la TurboGrafx-16 kadi ziliendelea kuingia vizuri tu, pini zilezile, ila zile nyaya nane za data walizipanga kinyumenyume, ya kwanza ikawa ya mwisho. Adapta yake kazi yake yote ni kuzigeuza zirudi! Nimewahi kukaa nayo na mita nikifuata waya mmoja mmoja usiku mzima.

Kutunza. Vumbi letu ni baya na unyevu wa masika huko kwenu chini ya mlima ni mbaya zaidi, pini zinaota ukungu wa kijani. Safisha na alkoholi ya asilimia 99 wanayotumia mafundi simu, na pamba za masikio, pande zote mbili za adapta, maana kaseti chafu ikiingia kwenye adapta na adapta ikaingia kwenye mashine umesambaza uchafu sehemu tatu. Mafuta ya taa hapana, msasa hapana, na ufutio wa shule usiuzoee, kila ukisugua unaondoa kidogo cha ile dhahabu. Usipulize kwa mdomo, mate ndo yanayoleta kutu. Hifadhi kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, waombe wauza viatu, wanavitupa. Na adapta usiiache imekaa ndani ya mashine mwaka mzima, bodi ikiwa nene kidogo inatanua mdomo, halafu kaseti za kawaida zinaanza kulegea, watu walishaumia hivyo na Game Genie, kile kidude cha kuchakachua gemu, kwenye NES.

Uwe na daftari. Kila adapta iandikie umeijaribu na mashine gani, kaseti gani, ikakubali au ikagoma, sauti ilikuwepo au la. Zangu zina karatasi ndogo imefungwa na mpira kila moja, na hiyo karatasi naiona ya thamani kuliko boksi lake la rangi.

Hiyo mitumba ya Kiboriloni na Memorial endelea kuipekua, hasa malundo ya midoli na nyaya ambayo wauzaji hawayajui. Na ukikutana na kaseti ya kijivu ya Gyromite yenye skrubu tano, iwashe kwanza uone jina gani linatokea, na uniandikie kabla hujashika bisibisi.